Kila Mtu Ana Presha

Mlioniacha wiki iliyopita mliniacha sakafuni.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anafungua gazeti, nitamfupishia. Mimi ni mwanamke wa kupiga pasi katika duka la dobi, mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja wa kiume ambaye hajafikisha hata miaka miwili. Tunamwita Meneja, kwa sababu nyumba nzima inamwogopa. Na mimi nina ugonjwa wa kuanguka. Nasimama vizuri tu, kizunguzungu kinaanza, macho yanaingia giza, halafu nasikia watu wakiniita kwa mbali kama wako nyuma ya ukuta. Nikifumbua macho, niko chini.

Mara ya kwanza nilianguka kazini, mbele ya suti ya bwana harusi, pasi ikabaki juu yake inaendelea na kazi peke yake. Hiyo mnaikumbuka. Walinikimbiza zahanati, mume wangu akafuata, akazungumza na muuguzi mimi nikiwa bado sijielewi, akaniambia ni presha. Basi, nikajua nina presha.

Mama mkwe alipopata habari alifunga safari kuja kuniuguza. Yeye na presha ni marafiki wa miaka mingi, hata vidonge vyake anaviita wenzangu. Siku aliyofika alinitolea chupa yake, akanimiminia kimoja kiganjani. Nikamwambia, "Asante mama, ngoja kwanza nipimwe vizuri." Hakubishana. Akanitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake jikoni kunipikia uji.

Badala ya kupona nikazidi. Nimeanguka bafuni. Nimeanguka kwenye foleni ya benki. Nimeanguka kwenye harusi ya watu mpaka bibi harusi akaacha keki yake akaja kunipepea.

Lakini ya wiki iliyopita ilizidi zote. Nilianguka nikiwa nimembeba Meneja.

Paji lake la uso lilivimba kama yai. Hakuvunjika, hakuchanika, namshukuru Mungu. Mama mkwe alimwokota kifuani pangu, akamfunga mgongoni kwake, akasimama juu yangu.

"Mwanangu," akaniambia, "sikuchukii. Lakini mtoto hapewi mtu anayezimika."

Hapo ndipo tulipoishia.

Kesho yake mama mkwe alifunga mizigo. Nguo za Meneja zilikunjwa na wifi yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye tunaishi naye. Mimi niliketi kitandani nikiangalia visoksi vinavyoingia kwenye begi, kimoja baada ya kingine. Kwao mama mkwe ni mbali. Basi linaondoka alfajiri, linafika watu wameshakula cha mchana.

"Unakaa naye mpaka lini, mama?"

"Mpaka daktari aseme umepona. Siku akisema, nitamleta mwenyewe, na mgongo wangu huu huu."

Nikamgeukia mume wangu. Mume wangu ni mtu mwema, lakini wapo watu wanaobana hela, yeye anabana maneno. Siku ya kunichumbia aliniuliza, "Basi?" nami nikajibu, "Basi," tukaoana.

"Sema kitu," nikamwambia. "Ni mwanao."

Akafikiri muda mrefu.

"Mama ana hoja," akasema.

Nililia mpaka wifi akanifungia mlango ili mtoto asione.

Sasa, Meneja ana tabia moja. Akikasirika analia mpaka sauti inakata. Anashikilia pumzi, midomo inabadilika rangi, halafu analegea mikononi mwako kama nguo iliyotoka kukamuliwa. Mara ya kwanza nilidhani amekufa, nikapiga ukunga nikaamsha mtaa. Dada wa kliniki ya watoto alinicheka. Alisema ni hasira tu, watoto wengine ndivyo walivyo, mlaze, mpulizie usoni, atarudi mwenyewe. Na kweli hurudi, tena amechangamka kukushinda wewe uliyekuwa unalia.

Mlangoni niliona uso wake umeanza kukunjamana. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kwangu, vidole vinafunga na kufunguka.

"Mama, huyu akilia sana..."

"Nimelea saba," mama mkwe akanikata.

"Ndiyo mama, lakini huyu akishikilia pumzi..."

"Saba! Na wote wanatembea. Haya mume wangu, twende zetu, tuwaache hawa." Ndivyo anavyomwita mjukuu wake, mume wangu, kama mabibi wote. Siku nyingine ningemjibu kwamba mke mwenza ninamwona. Siku hiyo sikuwa na utani.

Kabla ya kutoka alirudi jikoni mara moja, akateta na wifi kwa sauti ya chini. Nilichosikia ni maneno ya mwisho tu.

"Uji wake usikose. Kila asubuhi. Na sukari usiionee huruma."

Nikaona aibu. Mtu ananichukulia mwanangu na bado anawaza uji wangu. Nilitaka kuwafuata mpaka barabarani, lakini niliponyanyua mguu dunia ikaanza kuinama, nikashika mlango. Nikabaki hapo nimeushika, nikimsikia Meneja akilia, kisha akilia kwa mbali, kisha kimya.

Kazini sikurudishwa kwenye pasi. Mwenye duka alisema suti moja inatosha. Akaniweka pembeni nishone vifungo vilivyokatika, nikiwa nimekaa. Wenzangu walishanipa jina zamani. Waliniita Mgao, kama mgao wa umeme, kwa sababu nawaka na kuzimika bila taarifa.

"Mgao, leo una zamu gani?" ananiuliza kijana wa mashine ya kufulia. "Unawaka mpaka saa ngapi?"

Nacheka nao. Nisipocheka nitafanya nini?

Kila mtu alikuwa na ugonjwa wa kunipa, tena bure. Mwenye duka alisema ni njaa. Kijana wa mashine alisema ni kifafa, akawa hataki tuchangie kikombe. Jirani yetu, tunayemwita Mama Redio kwa sababu hazimi, alisema ni mimba, nikapima, hamna. Akasema basi kipimo kimekosea. Nikapima tena, hamna. Akanywea kidogo, halafu akanisogelea sikioni.

"Mimi simo," akasema. "Lakini kabla ya mama mkwe wako kuja uliwahi kuanguka mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na tangu aje?"

Nilimwambia mama mkwe wangu ni mtu safi, aachane na mawazo hayo. Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa kufukuzwa. Nilishona kifungo cha shati jeupe kwa uzi mweusi, nikakifumua, nikakishona tena kwa uzi mweusi.

Siku hiyo hiyo mteja aliingia, mwenye duka akaniambia nimpokee. Niliinuka haraka. Niliamka nimezungukwa na hanga za nguo, shati la mteja likiwa limenifunika uso.

Mwenye duka hakufoka. Angefoka ningejisikia nafuu.

"Dada," akasema taratibu, "nenda hospitali kubwa. Ukirudi na jibu, njoo. Ukikosa jibu, usije. Hapa kuna pasi za moto. Siku moja utaniangusha kwenye kesi."

Basi nikatoka pale nikiwa nina watu wawili wanaosubiri neno la daktari, mwenye duka na mama mkwe. Wa kwanza nisingemlilia. Niliyekuwa nakwenda kumtafutia jibu ni mwanangu.

Daktari alikuwa mama mfupi, miwani ameining'iniza shingoni na haivai. Aliniuliza maswali kama mtu anayechambua mchele, anatupa hili, anabakiza lile.

"Unaanguka ukiwa unafanya nini?"

"Nikiwa nimesimama. Au nikiinuka."

"Umewahi kuzimia ukiwa umelala?"

"Daktari, aliyelala ataangukia wapi?"

Akacheka. "Unauma ulimi? Unajikojolea?"

"Hiyo bado, namshukuru Mungu."

"Basi kifafa tukiweke kando kwanza. Kabla ya kuanguka unasikiaje? Chumba kinakuzunguka, au chumba kimetulia wewe ndiye unayekwenda?"

Sikuwahi kujiuliza. Nikafunga macho nikakumbuka.

"Chumba kimetulia. Mimi ndiye ninayekwenda. Jasho jembamba, miayo, masikio yanavuma, halafu giza."

"Sikio nalo tuliache. Sikio la ndani likiharibika, chumba ndicho kinachocheza. Damu ya mwezi?"

"Nyingi, tangu nijifungue."

"Maji unakunywa?"

Hapo nikamweleza habari ya funguo. Choo cha kazini kina kufuli, na funguo anakaa nayo mwenye duka mfukoni. Ukiiomba mara ya kwanza anakupa. Ukiiomba mara ya pili anakutazama kama umeomba nyongeza ya mshahara. Kwa hiyo sisi wanawake wa pasi tulishazoea, hatunywi maji mpaka jioni.

"Mnasimama kwenye mvuke kutwa, na hamnywi maji?"

"Tunavumilia."

Akatoa pumzi ndefu. Akanipeleka kutolewa damu kidogo, akanibandika waya za kipimo cha moyo. Moyo wangu alisema uko salama, unafanya kazi yake. Damu ilikuwa pungufu, si ya kutisha. Kisha akanilaza, akanifunga mkanda wa presha mkononi, akapima. Akaniambia nisimame. Akapima tena. Akaitazama mashine, akaivaa ile miwani, akapima mara nyingine.

"Kaa," akasema. "Kaa sasa hivi."

"Imepanda sana?"

"Nini kimepanda?"

"Presha, daktari. Mimi nina presha."

Akanitazama juu ya miwani.

"Mama, presha kila mtu anayo. Hata mimi ninayo. Ukimwona mtu hana presha, mtafutie sanda. Swali ni yako ni ya kupanda au ya kushuka."

Huku kwetu mtu akisema fulani ana presha, nani anauliza ipi? Presha ni ile inayopanda, ile ya kukatazwa chumvi na kukasirika. Nilishaacha chumvi. Nilishaacha hata kukasirika, nikawa nameza hasira tu.

"Yako inashuka," daktari akasema. "Ukisimama inaporomoka. Damu haiwahi kufika kichwani, kichwa kinazima. Nani alikwambia ni ya kupanda?"

"Hakuna aliyesema ya kupanda. Walisema presha."

"Sasa nisikilize. Kiu, joto, kusimama muda mrefu, damu pungufu, hayo yanaweza kumwangusha mtu. Mara moja, mara mbili. Lakini wewe unaanguka kama kazi. Kuna kitu kinaisukuma hiyo presha chini. Unatumia dawa gani?"

"Situmii."

"Kumbuka vizuri. Kidonge, mizizi, chai ya kupungua unene?"

"Sinywi kitu, daktari. Asubuhi nakunywa uji tu, basi."

"Uji haujawahi kumwangusha mtu," akasema, tukacheka wote wawili.

Nikikumbuka kicheko kile natamani kuurudisha mdomo wangu nyuma.

Akaniambia ninywe maji, nirudishe chumvi kidogo, niinuke polepole. Kisha akanyoosha kidole. "Ukisikia dalili zimeanza, usijikaze. Kaa chini hapo hapo, au lala uinue miguu, hata kama ni mbele za watu. Aibu ya kukaa ni ndogo kuliko ya kuokotwa. Na kesho niletee vidonge vyote vilivyomo nyumbani kwako, hata visivyo vyako."

"Nitapona?"

"Tukikijua hicho kitu, utapona."

"Nikipona utanipa neno? Kuna mtu analisubiri. Ana mwanangu."

Alinishika bega, akaita mgonjwa mwingine.

Nyumbani nilimkuta mume wangu amerudi kutoka kiwandani, anavua viatu.

"Siku ile zahanati," nikamwambia kabla hata sijakaa, "muuguzi alikwambiaje? Neno kwa neno."

"Presha."

"Alisema presha, akanyamaza?"

Akashika kiatu kimoja mkononi, akakumbuka.

"Alisema presha ya mkeo imeshuka sana."

"Imeshuka! Alisema imeshuka?"

"Ndiyo."

"Na mimi uliniambiaje?"

"Presha."

"Na mama yako ulimwandikiaje?"

Akatoa simu, akaitafuta meseji, akanionyesha. Ilikuwa imeandikwa *Presha*. Hakuna salamu, hakuna jina, hakuna imeshuka wala imepanda. Hata nukta hakuweka.

"Kwani kuna tofauti?" akaniuliza. Na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu alikuwa anauliza akitaka jibu refu.

Nilicheka nikalia, nikalia nikacheka. Nilitafuta vidonge nyumba nzima, makabatini, chini ya godoro, kwenye kopo la nyuzi. Sikupata hata kimoja. Nikajiambia daktari kakosea, nyumba yangu haina dawa. Na kama haina dawa, basi ugonjwa wangu ni wa kitu kingine, na Meneja atakua akimwita bibi yake mama. Nilikwenda kulala na mawazo hayo, na ile sauti ya Mama Redio juu yake.

Asubuhi niliamka mapema ili niwahi foleni ya hospitali. Nikaenda jikoni kuomba uji wangu mapema. Naenda polepole kwa kufuata ukuta siku hizi, kwa hiyo wifi hakunisikia.

Alikuwa amenipa mgongo. Sufuria linatokota. Mkononi ana vijiko viwili, kimoja ndani ya kingine, anavikandamiza, anavisugua. Kisha akavitenganisha, akakung'utia unga mweupe kwenye bakuli langu, akatia sukari vijiko vya kutosha.

"Wifi."

Vijiko vikaanguka.

"Unanipa nini?"

Alifumba kiganja haraka. Nilimshika mkono nikaufungua kwa nguvu. Kiganjani kulikuwa na nusu ya kidonge.

"Unaniua, wifi? Nimekukosea nini? Nani kakutuma?"

"Mama alisema nisikwambie!" Akaangua kilio. "Ni dawa yako, wifi! Ya presha! Mama alisema wewe mbishi hutaki kumeza, na mgonjwa mbishi hupewa dawa kwenye uji. Alianza yeye mwenyewe siku ile ile aliyokuja. Akaniachia mimi niendelee."

"Vidonge vya nani hivi?"

"Vyake. Alivimimina kwenye karatasi, akanigawia nusu, navifunga kwenye pindo la kanga. Anasema hospitali hawampi vya ziada, kwa hiyo yeye anameza leo, kesho anaruka, ili vyako vitoshe. Kichwa kinamuuma siku hizi, lakini kasema nikikwambia utavikataa."

Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

Mngekuwa mimi mngefanyaje? Nilikuwa tayari kumchukia mtu. Usiku kucha nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia mchawi wangu. Na mchawi wangu ni mama wa watu anayejinyima dawa yake ili mimi nipone, na kila anavyonipenda ndivyo ninavyoanguka. Aliniangusha yeye, akanikuta nimeanguka na mtoto, akamchukua mtoto kwa sababu naanguka. Hasira zangu nizipeleke wapi? Nilitafuta mahali pa kuziweka, sikupaona.

Halafu, kidogo kidogo, ikaniingia furaha. Kumbe kitu chenyewe tumekijua! Nikiacha uji, naacha kuanguka. Nikiacha kuanguka, Meneja anarudi. Nikamkumbatia wifi na machozi yake, nikamwambia hana kosa, amwage bakuli, achemshe uji mwingine mtupu.

"Nampigia mama sasa hivi," nikamwambia. "Aanze kumeza vyake kila siku, na mtoto amfunge mgongoni aje."

Jikoni simu haishiki mtandao vizuri. Nikatoka, nikasimama kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, pale pale niliposhikilia siku ile. Mama mkwe alipokea upesi, sauti yake imechangamka.

"Mwanangu! Umeamkaje?"

"Nimeamka mzima, mama. Shikamoo. Mama, nimetoka kwa daktari..."

"Marahaba. Afadhali umepiga, maana nilikuwa nasita kukwambia, nisije nikakupandisha presha."

"Kuniambia nini?"

"Usishtuke lakini. Huyu mume wangu, kumbe ugonjwa wako ameurithi."

Nikaibana simu sikioni.

"Jana alikuwa anakulilia," akaendelea. "Alilia, alilia, mara sauti ikakata. Midomo ikabadilika, akalegea mikononi mwangu, puu, kama wewe kabisa. Nikasema ah! Kumbe iko kwenye damu. Lakini usiogope, mimi si mgeni wa maradhi haya."

"Mama." Jasho jembamba lilikuwa limeanza. "Mama, umempa nini?"

"Nimekwambia usiogope. Nimemsagia kidogo tu kwenye maziwa, na leo asubuhi tena. Na imemkubali! Hana kilio, hana fujo. Amelala fofofo tangu anywe, hata nikimgeuza hageuki. Jioni nitampa nyingine."

Nilipiga miayo. Masikio yakaanza kuvuma. Nilijua kinachokuja, na nilijua nifanye nini, daktari alishanifundisha. Kaa chini hapo hapo. Lakini nikikaa, simu haishiki. Nikajikaza. Nilishika mlango kwa mkono mmoja, simu kwa mwingine, na nilikuwa na neno moja tu la kusema. Mwamshe. Mwamshe, mama, mkimbize hospitali.

Wifi ndiye aliyenisimulia yaliyobaki. Anasema alinikuta mdomo umefunguka na hakuna sauti inayotoka, kisha nikashuka na mlango. Anasema aliniwekea kanga kichwani, akaninyoosha miguu, na simu ilikuwa sakafuni inaita, "Haloo? Haloo, mwanangu, uko wapi?"

Akaiokota.

"Usiwe na wasiwasi, mama," akamwambia. "Ameanguka tu, ni kawaida yake."

Akakata.